Wimbo wa Saa Moja Jioni

Siwaelewi watu wanaowasha runinga wimbo wa kufungulia kipindi ukiwa umeisha. Wanasema wimbo ni wa kupoteza muda, wao wanangoja mambo yaanze. Kwangu mimi hapo ndipo mambo yameanza. Niulize kisa cha tamthilia yoyote niliyotazama nikiwa msichana nami nitababaika: nani alimwoa nani, nani alibadilishiwa mtoto hospitalini, yote yamenitoka. Lakini nichezee mlio wa kwanza wa wimbo wake, hata kabla mtu hajafungua mdomo kuimba, nitakwambia nilikuwa nimekaa wapi, kando ya nani, na jikoni kulikuwa kunapikwa nini.

Mlio wa taarifa ya habari, kwa mfano, ni baba yangu. Shamba letu lilikuwa upande wa Kiminini, nje ya Kitale, ambako wazazi wangu walihamia kutoka Mkoa wa Kati kabla sijazaliwa. Stima haikuwa imefika, kwa hivyo runinga yetu ilitumia betri ya gari. Mlio wa habari ukianza, baba aliinua mkono mmoja hewani na nyumba yote ikanyamaza, hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akizungumza. Alipofariki, mimi na mama tuliendelea kunyamaza kila mlio ule ulipopigwa. Mkono haukuwepo tena, na hakuna kati yetu aliyejali bei ya mafuta, lakini tulinyamaza mpaka habari zikaisha.

Nyimbo za filamu za Kinaijeria tulizokodisha mjini Kitale nazo ni kicheko cha mama. Nyimbo hizo hazina siri. Mwanamke anaingia jikoni na chupa ya sumu, wimbo unamweleza mumewe kwa sauti ya huruma kwamba chakula kimetiwa sumu, na mume anaketi anakula. Mama alikuwa akimpigia kelele yule mwanamume. "Si umeambiwa! Si umeambiwa na wewe bado unakula!" Kisha anacheka mpaka anajifuta macho kwa lesso.

Ila wimbo wangu hasa ulikuwa wa tamthilia moja ya kutoka nchi za mbali, zile ambazo watu wanasema Kiingereza lakini midomo yao inasema kitu kingine. Ilionyeshwa saa moja jioni, siku za kazi zote. Wimbo wenyewe uliachwa katika lugha ya kwao. Hatukujua hata neno moja, na bado tuliuimba wote, mimi na mama, kwa maneno tuliyojitungia. Wakati huo kaka zangu walikuwa wameshakwenda Nairobi. Betri ilipoelekea kuisha nguvu, picha ilianza kusinyaa kutoka pembeni, watu wakawa wembamba katikati ya kioo, nasi tukasogeza viti karibu zaidi. Mama hakujua Kiingereza, kwa hivyo mimi nilikuwa namtafsiria kwa Kikuyu. Mahali nilipoachwa nyuma niliongeza yangu. Nina jina la mama yake mzazi, na kwa desturi yetu ananiita Mami, nami namwita Mami. Mtu akipita nje angedhani humo ndani kuna mama wawili wanaobishana.

Kisha nikapata kazi ya kufundisha katika shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Bungoma. Si mbali. Watu waliniambia hivyo kunifariji, na nikichukia kitu ni kufarijiwa kwa kilomita. Nilipanga chumba kimoja katika ploti iliyokuwa nyuma ya soko. Nilinunua runinga kabla ya kununua meza, kadude kadogo ka picha nyeusi na nyeupe, nikakaweka juu ya debe.

Nilikuwa mpweke. Nalisema wazi kwa sababu wakati huo sikulisema kwa mtu yeyote. Watu wa Bungoma hawakunikosea lolote. Katika chumba cha walimu walipiga soga kwa Kibukusu, wakacheka, kisha mmoja akakumbuka niko akanitafsiria. Niliwashukuru, lakini kicheko kilichotafsiriwa kinakufikia kimepoa, kama chai ya mtu aliyechelewa. Jioni nilirudi chumbani, nikawasha jiko, nikapika ugali wa mtu mmoja.

Jirani yangu, mama aliyeuza vitambaa sokoni, aliuona huo ugali siku moja mlango ukiwa wazi. "Ati hii ni ugari ama ni dawa?" akaniuliza. "Mwarimu, si ukuje tu tukure na watoto? Bana, mtu hawezi kuwa anakura akiangaria ukuta."

Nilimwambia nitakuja. Sikwenda, kwa sababu aliita watu mezani saa moja, na saa moja mimi nilikuwa na miadi.

Miadi yenyewe ilikuwa hii. Wimbo wetu ulipoanza, niliuimba kwa sauti, nimesimama katikati ya chumba, nikijua kwamba kule Kiminini mama naye amevuta kiti na anauimba. Sikumwona wala sikumsikia, lakini nilijua. Kipindi kikiisha nilimpigia simu. Kaka yangu alikuwa amemtumia simu ile ndogo yenye tochi, mulika mwizi, na mama alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mami, umeona?"

"Nisimulie wewe," alisema. "Mimi Kizungu hicho sikielewi."

Nami nilimsimulia yote kama zamani, pamoja na nyongeza zangu. Miezi ile ya kwanza nilifunga begi zaidi ya mara moja, niache kazi nirudi nyumbani. Wimbo ndio ulionifanya nilifungue tena. Nilijiambia kwamba mtu ambaye ana mwenzake wa kuimba naye kila jioni hayuko peke yake, anaishi tu katika nyumba nyingine.

Baada ya likizo ya Aprili mama akaanza kuwa nabii. Kulikuwa na mzee mmoja katika tamthilia, mkali, mwenye mali, aliyemtesa kila mtu. Nilikuwa nikimlaani kwenye simu, mama akasema kwa upole, "Usimchukie sana huyo. Hana siku nyingi." Wiki zikapita, mzee akaanguka kwenye ngazi akafa. Mara nyingine akasema yule kijakazi mnyonge si kijakazi. Kweli, akaja kuwa mrithi. Nilishangaa sana. Nilimsimulia jirani yangu kwamba mama ana macho ya kuona mbele.

"Basi aniangarie bwana yangu," jirani akasema, "anatoka Nairobi rini."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka, na mimi sikuuliza zaidi. Labda nilipaswa kuuliza.

Likizo ya Agosti nikaenda nyumbani. Siku nzima nilingoja saa moja. Nilitaka kuimba na mtu ambaye ninaweza kumwona. Ilipokaribia niliingia sebuleni na kumkuta mama ameanika maharagwe ya mbegu kwenye sinia juu ya runinga. Nikaliondoa, nikakunja kitambaa cha kufuma kilichoifunika, nikabonyeza. Haikuwaka.

"Betri iko wapi?"

"Stoo," mama akajibu kutoka jikoni.

"Tangu lini?"

"Tangu tupalilie mahindi."

Mahindi yalikuwa yameshabeba. Nilitoka nje nikatazama juu, na ndipo nikaelewa. Pande zetu hizo za karibu na mpaka kila boma lina uamuzi wa kufanya: eriali ielekee Kenya au ielekee Uganda. Yetu tangu enzi za baba ilielekea Kenya. Sasa ilikuwa imeupa mji wa Kitale mgongo, inatazama Mlima Elgon.

Mama alinieleza akikoroga uji, bila haraka. Mvua ya masika iliangusha nguzo ya eriali wiki ile ile niliyorudi Bungoma. Fundi aliyekuja kutoka Kiminini akaisimamisha, akaizungusha, akaona upande wa Kenya umejaa chenga na upande wa Uganda picha ni safi kama maji. Akaiacha huko. Tamthilia yetu ilikuwepo kule pia, ila wao walikuwa wametangulia mbali sana. Mama aliwakuta watu wanakaribia mwisho, mzee ameshazikwa, kijakazi ameshavaa dhahabu. Akatazama hadi harusi ya mwisho. Baada ya hapo betri ikaisha nguvu na hakuona sababu ya kuipeleka kuchajiwa.

Nilikasirika. Nilikasirika kama mtoto, mimi mwalimu mzima. Kumbe jioni zote zile nilikuwa nikiimba peke yangu katikati ya chumba, jirani akinisikia kupitia ukuta, na huku Kiminini runinga ina maharagwe juu yake.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza. "Ulikuwa unajua kila kitu. Kila nilichokusimulia ulikuwa unakijua."

"Mwisho ndio niliujua," akasema. "Katikati sikuona. Sikujua walifikaje huko."

"Basi ungesema hivyo."

Akaepua uji. "Ningesema, ungekuwa unanipigia kuniambia nini?"

 Aliweka vikombe viwili mezani na tukanywa. Wakati huo ndipo nilipoiona simu yake. Ilikuwa imesimamishwa kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, mahali pekee katika nyumba ile mtandao uliposhika, na mbele ya dirisha kulikuwa na kigoda. Hapo ndipo alipokuwa saa moja ikifika, anangoja wimbo asiousikia na kipindi asichokiona viishe.

Muhula wa tatu nilirudi Bungoma na sikujua la kufanya na saa moja yangu. Niliendelea kutazama. Kuimba niliacha. Niliketi kitandani kimya na kusikiliza wimbo hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba ni wimbo wa huzuni. Mwanamke anayeimba anamwita mtu, hilo halihitaji kutafsiriwa, na mtu hamjibu. Miaka yote tulikuwa tukiuimba kwa makofi.

Jioni nilipiga simu kama kawaida na kusimulia. Sikumwuliza mama mwisho, naye hakuniambia. Ila sasa nilijua kwamba tunaukaribia, na niliuogopa. Nilianza kusimulia polepole. Sehemu ambayo zamani ingechukua dakika chache niliikokota, nikaeleza nguo, nikaeleza mapazia, nikaeleza farasi. Mama alisikiliza mapazia yote.

Harusi ikafika siku ya Ijumaa. Wimbo ulichezwa wote, pamoja na ubeti ambao hawakuwahi kutusikilizisha, huku majina ya watu yakipanda kwenye kioo. Nilipompigia mama nilimweleza kila mgeni aliyekaa kanisani. Aliuliza kama bibi harusi alilia. Nikasema alilia. Tukatakiana usiku mwema.

Jumatatu saa moja kulikuwa na kipindi kipya, cha vichekesho, na wimbo wake wa ngoma na filimbi. Niliuona kama mtu anayecheza muziki kwenye nyumba ya matanga. Nikazima. Chumba kikawa kimya, nikasikia watoto wa jirani wakigombania mboga. Nilishika simu nikaitazama. Nilitafuta habari ya kumpa mama, hata moja, na sikuipata. Nilikuwa nimefundisha hesabu, nimerudi, nimepika. Nikairudisha simu mfukoni.

Baada ya muda ikalia mara moja na kukatika. Mama ameniflashi. Nikampigia.

"Leo hakuna?" akauliza.

"Hakuna, Mami. Si iliisha."

 Nilisikia kuni zikilia kwenye moto wake. Nikaanza kumweleza kuhusu vile vichekesho vipya, kwamba kuna mwanamume mnene anayevaa nguo za mkewe, na labda tukivifuatilia vitakuwa vizuri.

"Wachana na hao," mama akasema. "Wewe je?"

"Mimi niko sawa."

"Mami."

Alilitamka jina hilo kama anayemwita mama yake mwenyewe, aliyekufa zamani.  Nilitaka kurudia kwamba niko sawa, lakini nikaketi kitandani.

"Siko sawa," nikasema. "Niko peke yangu huku. Nikishafunga huu mlango jioni, hakuna mtu anayejua kama niko au siko."

 Nilidhani mtandao umekatika, nikamwita. Nikasikia akivuta kile kigoda karibu na dirisha.

"Hata mimi," akasema. "Nilikuwa nangoja tu hao watu wamalize kuoana, ndio tuambiane."