Mgongo wa Mkwe Wangu

Kwetu mkwe hapewi mkono. Mume wa binti yangu akija nyumbani ananisalimia akiwa mlangoni, kichwa chini, na mimi naitikia huku natazama sufuria. Hatuli meza moja. Nikiwa na la kumwambia, nampa binti yangu amfikishie, hata kama mwenyewe amekaa pale pale ananisikia. Watu wa mjini wanacheka. Wacheke tu. Ndivyo nilivyolelewa kule Songwa, na yeye ndivyo alivyolelewa kwao, na heshima hiyo haikuwahi kunisumbua mpaka nilipotaka kujifunza kuogelea.

Mimi nauza mchele Kahama. Baiskeli naijua tangu miguu haijafika kwenye pedeli, na kukimbia nilianza daktari aliponiambia sukari inapanda. Nikaingia kwenye kundi la mbio za asubuhi, wafanyabiashara na watu wa mgodini. Ndipo baadhi yao wakaanzisha klabu ya michezo mitatu: unaogelea, unapanda baiskeli, unamaliza kwa kukimbia. Tukiiva, walisema, tutakwenda kushindana ziwani, upande wa Geita. Michezo miwili ninayo, nikajisemea, huo mmoja utanishinda vipi?

Ila mashindano nilikuwa nasingizia. Nilitaka maji. Utotoni kaka zangu wakipeleka ng'ombe lamboni walivua nguo wakajirusha, na sisi wasichana tulibaki ukingoni tunafua, tukiambiwa msichana haogelei, ataonekana mwili. Wivu ule ninao mpaka leo, bibi mzima mwenye wajukuu.

Jumamosi ya kwanza nikaenda kwenye bwawa la hoteli tulilolikodi. Nguo ya kuogelea nilikuwa nimeipata kwenye mitumba, nyeusi, inafika magotini, na bado nilijiona niko uchi. Nikatoka chumba cha kubadilishia nimebana kanga kifuani, nikaivua ukingoni haraka kabla sijaghairi. Nikainua macho. Aliyesimama ndani ya maji, filimbi mdomoni, kifua wazi, ni mume wa binti yangu.

Jamani! Kumbe mwalimu wa kuogelea wa klabu ndiye yeye. Yeye na binti yangu walikuwa wamehamia Kahama kutoka Geita majuzi tu, na kwenye kundi letu la WhatsApp aliandika kila siku, lakini namba yake mimi ningeijulia wapi? Mkwe simpigii. Alinitazama, nikamtazama, kisha akazama na filimbi yake, akakaa huko chini mpaka wenzetu wakaanza kuulizana. Sikungoja aibuke. Nilitimua mbio na kanga nimeishika mkononi badala ya kuivaa, na klabu nzima ikaniona nyuma nilivyo.

Aibu ile haikuisha kwa kuilalia. Nikiwa dukani peke yangu, nikikumbuka, nafunika uso. Binti yangu akaja kunibembeleza.

"Mama, rudi klabuni. Dunia imebadilika."

"Dunia imebadilika, mapaja yangu hayajabadilika."

"Kwa hiyo unaacha?"

"Nitatafuta mwalimu wangu mwenyewe. Wa peke yangu."

"Basi na yeye anasema ataacha klabu, ili wewe urudi."

Hilo likanichoma. Kijana wa watu anapenda maji kuliko chakula, klabu nzima anaifundisha yeye, aiache kwa sababu ya bibi mmoja na kanga yake? "Mwambie akithubutu kuacha, kwake sikanyagi," nikasema.

Mwalimu nikampata, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi kwenye boti za ziwani. Tulikutana asubuhi za katikati ya wiki, bwawa likiwa tupu. Bei yake haikuwa ya mchezo, lakini nilikuwa nanunua siri. Tatizo lake ni simu. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, "Piga miguu, mama," anasema bila kuinua macho. Nilikunywa maji ya bwawa lile mpaka nikazoea ladha yake. Kila nikiachia ukingo nazama kama gunia la mchele. Mwishowe nikamwambia binti yangu basi, nimeshazeeka, mambo haya yana wenyewe. Nikalia mbele yake, na hilo nalo nikalionea aibu.

Asubuhi ya kipindi cha mwisho nilichokwisha kulipia nilimkuta mtu kando ya bwawa, ameelekea ukutani. Shati limechomekwa, viatu vya kazini, kitambulisho cha mgodi shingoni. Mgongo ule niliujua; ndio upande wake ninaoufahamu zaidi. Kumbe machozi yangu binti alikwisha kuyafikisha. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, mama," akauambia ukuta.

"Marahaba."

"Usishike pumzi. Pulizia kwenye maji, kama unavyopuliza moto jikoni."

Nikapuliza. Mwalimu wangu akaona haya, akaweka simu mfukoni, akawa macho ya mwenzake. "Miguu yake inashuka," anasema. "Atazame chini, asitazame mbele," mkwe anaujibu ukuta. Tukaendelea hivyo asubuhi nyingi, kabla hajaenda zamu. Hakugeuka hata mara moja.

Siku moja mwalimu alitoka getini kupokea simu. "Tumngoje, mama," mkwe akasema. Sijui nini kilinipata. Nikaachia ukingo. Nikapuliza, nikapiga miguu, nikatazama chini, vigae vikapita chini yangu kimoja kimoja, na mkono wangu ukagusa ukuta wa upande wa pili.

Nilikuwa nimevuka! Nikasimama, machozi yananitoka.

"Mama?"

Nimwambie nini, mkwe wangu, nitazame?

"Mama, umefika?"

Midomo ikakataa.

"Mama!"

Akageuka. Akaruka na viatu vyake, na simu yake mfukoni, na kitambulisho chake, akanikamata mikono yote miwili akinivuta juu. Juu hakukuwa na pa kunivuta. Nilikuwa nimesimama, na yeye akagundua amesimama. Ule ni upande wa maji mafupi. Yalitufika kifuani wote wawili.

Tukatazama pembeni, yeye kule, mimi huku. Hakuniachia, na mimi sikuivuta mikono yangu. Niliona aibu kuliko siku ile ya kanga, maana nilikuwa nimemwacha mtoto wa watu aogope namna hiyo, kisa nimeona haya kusema nimefika.

"Nimefika, baba," nikasema.

"Shikamoo, mama," akajibu, ingawa tulikwisha kusalimiana.

"Marahaba. Jumamosi klabuni mnaanza saa ngapi?"