Mashavu ya Moris

Ukitaka Kasiani anyamaze, mtajie mashavu ya Moris. Mtu mwenyewe ana maneno kama redio, asubuhi mpaka jioni hachoki, lakini hapo utamwona anainama na kuanza kutafuta nyundo ambayo anayo mkononi.

Alikuwa fundi bodi wa Masasi, na kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Mlango uliobonyea aliunyoosha mpaka mwenye gari akabaki anaupapasa na kuuliza palipogongwa ni wapi. Tatizo lake lilikuwa sifa. Alizipenda sifa huyu bwana, jamani! Akisifiwa kidogo tu, kofia haimtoshi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kupanda Newala na malori yao, na kila mwenye mikorosho mingi akajiona naye yumo. Ladislaus wa Mkunya, huko huko Newala, akanunua gari. Moris ya kizamani, ya mwalimu mmoja mstaafu, kigari cha mviringo kilichojikunyata kama kuku anayeatamia. Mchanga wa huko juu ukayameza matairi yake membamba, kila siku kusukumana. Ladislaus hakukubali kushindwa na mchanga. Akatafuta ringi pana na matairi ya pikapu, akayafunga hayo. Sawa, gari likatembea, ila sasa matairi yametokeza nje ya bodi, na kila linapopita linajirushia udongo lenyewe, milangoni, vioo vyote, mpaka ndani kwa abiria.

Na Jumamosi binti yake Mabel anaolewa. Bibi harusi ashuke kanisani na gauni la udongo? Thubutu! Ladislaus akatuma mtu Masasi kumwita Kasiani aje aweke mashavu, yaani zile kingo pana zinazofungwa juu ya gurudumu, zikatoka nje na kulifunika tairi.

Kasiani hakuhitaji kubembelezwa. Mkunya ndiko alikooa. Ua wa Ladislaus na ua wa mama mkwe wake vilitenganishwa na mstari wa michongoma tu, na katikati pana mkorosho mmoja mkubwa ambao kivuli chake ni cha wote. Akajisemea, leo wakwe zangu wataona binti yao yuko mikononi mwa nani. Akabeba vifaa vyake, akamchukua na mkewe Agatha, wakapanda.

Sasa huko, mkwe ni mkwe. Mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hazungumzi naye, hamwombi kitu. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia kwenye mihogo ili mama apite. Tangu amuoe Agatha, Kasiani na mama yule hawakuwahi kusemezana neno. Shikamoo ya Kasiani ilipelekwa na Agatha, na marahaba ikarudi na Agatha. Lakini walipendana kwa namna yao. Mama alimpelekea makopa ya muhogo kila msimu, na Kasiani alimtengenezea mfereji wa bati kwenye paa la jiko, wa kuelekeza maji ya mvua kwenye pipa. Mfereji ule ulisifiwa Mkunya nzima. Maji huko ni taabu. Wanawake wanashuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo jua likiwa kali.

Alhamisi Kasiani akaanza kazi chini ya mkorosho. Akakata boksi la sabuni liwe kipimo, akakata bodi ya gari juu ya magurudumu kwa tindo, akakunja kingo kwa ndani. Mpaka hapo safi. Ijumaa akachukua bati alilokuja nalo kutoka Masasi, akaanza kulikunja, likapasuka. Akachukua jingine, likapasuka vilevile. Bati jembamba, la kuezekea, lingewezaje?

"Vipi, fundi?" Ladislaus akaja, mikono kiunoni. "Kesho harusi. Gari langu umelikata, sasa limekuwa kama limeng'atwa na panya."

"Bati limeniangusha," alisema Kasiani. Jasho lilikuwa linamtoka, na si la jua. Ndipo macho yake yakaangukia pipa.

Lilikuwa limelazwa pale pale chini ya mkorosho, upande wa ua wa mkwe, kavu, na kitakoni lina tundu lililozibwa kwa lami na kitambaa. Kasiani akalitazama, na kichwa cha fundi kikaanza kufanya kazi chenyewe. Pipa lina midomo miwili, wa juu na wa chini. Gari lina magurudumu manne. Kata kila mdomo nusu kwa nusu, unapata mapinde manne, ya chuma kizito, tayari yamepinda, tayari yana ukingo uliokunjwa kiwandani. Mungu akupe nini tena?

"Lile pipa la nani?"

"Si la mama mkwe wako? Muulize."

"Nimuulize vipi, bwana? Wewe mgeni hapa?"

Ladislaus akacheka. "Basi msubiri mkeo."

Agatha alikuwa ameshuka bondeni na wanawake kuchota maji ya harusi. Kasiani akasubiri. Akasubiri mpaka kivuli cha mkorosho kikamhama, na Ladislaus anapita kila mara akiguna. Kasiani akajisemea: pipa lenye kazi lingekuwa chini ya mfereji, si hapa. Hili limetupwa. Na kama halikutupwa, nitamletea jingine. Alimwonea haya mkwe wake kumsemesha, lakini kulichukua pipa lake hakuona haya. Akashika tindo.

Na kweli, mwenzangu, yalitoka mashavu. Akayapiga ribiti kwenye bodi, akapaka pati kuficha maungio, akasugua kwa msasa, akapuliza rangi ileile nyeusi ya gari. Ile Moris ikasimama imevimba kifua, utadhani inakwenda kugombana na mtu. Watu wakaacha shughuli zao kuja kutazama. "Huyu ndiye fundi!" Kasiani akakunja mikono, akasogea pembeni kidogo, watu waone vizuri.

Jua linazama, Agatha akatokea na ndoo kichwani, foleni ya maji bondeni ilimshika kutwa. "Baba Cecil, ile kazi ya mama umeshamaliza?"

"Kazi gani?"

"Si kuziba pipa."

Agatha akatazama chini ya mkorosho, akaona kipande cha katikati cha pipa, kimefunguka kama ganda la muwa. Kisha akatazama gari. Akaitua ndoo taratibu, maji yasimwagike.

"Mama alilibingirisha mwenyewe mpaka hapa aliposikia unakuja," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Akalilaza tundu likutazame wewe. Miaka yote hii analiziba kwa lami, na kila mvua inayonyesha, kukicha nusu ya maji imekwenda. Kukuomba hawezi. Akasema, usimwambie kitu, mkwe wangu ni fundi, akiliona ataelewa."

Kasiani alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, ikamfika masikioni, yakawa ya moto. Tundu lenyewe lilikuwa la kuzibwa kwa muda wa kunywa chai! Na yeye alikuwa ameliona. Alikuwa ameiona ile lami, na kichwani mwake hakukupita hata mara moja wazo la kuziba. Alikuwa na haraka ya kusifiwa.

"Nenda kamwambie nimekosa," alisema. "Mwambie sikujua. Mwambie... mwambie unavyojua wewe."

Agatha akaenda. Kasiani akabaki anaosha mikono ambayo rangi ilikuwa haitoki. Mkewe aliporudi, alimkuta amekaa chini nyuma ya gari.

"Amesema nini?"

"Amesema gari limependeza."

Afadhali angetukanwa.

Jumamosi, mvua ya kwanza ya mwaka ikashuka wakati watu wako kanisani. Moris ikarudi inapasua matope, na mashavu yakayazuia matope yote. Mabel akashuka mweupe pepepe, kama alivyoondoka. Vigelegele! Ladislaus akampigia kelele Kasiani aje mbele watu wamwone. Kasiani alikuwa amejibanza upande wa pili, karibu na michongoma, kwa sababu kutoka huko alisikia sauti aliyoijua. Ulikuwa mfereji wake. Ule mfereji wake hodari ulikuwa umekusanya maji ya paa zima na kuyamwaga chini, kwenye udongo, puu, puu, puu, na mama mkwe wake amesimama kwenye mvua, khanga imemganda mwilini, anahangaika kubadilisha sufuria. Sufuria moja inajaa kabla hajamaliza kuiondoa nyingine.

Jirani yake Isabela akamwita kutoka kibarazani. "Mama Agatha! Pipa lako liko wapi?"

"Nilimpa mkwe wangu," mama akajibu bila kugeuka. "Lilikuwa limechoka."

Kasiani akalisikia neno hilo lote. Harusini wakamwekea nyama na wali, vikapoa mbele yake.

Aliporudi Masasi hakukaa. Akazunguka magereji yote mpaka akapata pipa lililowahi kuwekwa mafuta ya kula, akalisugua kwa mchanga na majivu, akalijaza maji na kuyamwaga, akarudia, akanusa mpaka pua ikauma. Akalipandisha Mkunya juu ya lori lililokuwa linafuata korosho, naye amelikumbatia njia nzima. Akalibingirisha mpaka chini ya mfereji, uso ameuelekeza ukutani, kama adabu inavyotaka. Agatha, aliyekuwa amebaki kwa mama yake, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

Kasiani akasikia nyayo nyuma yake, za mtu mzima. Akajisogeza kando apite. Nyayo hazikupita.

"Baba Cecil," ikasema sauti ambayo haikuwahi kumsemesha tangu aoe.

Kasiani akaganda. Agatha naye akaganda, mkono mdomoni.

"Hili nakuomba kwa mdomo wangu mwenyewe," alisema mama mkwe. "Usilikate."

Agatha akashindwa, akapasuka kicheko, akaingia jikoni akijiinamia. Kasiani hakucheka. "Ndiyo, mama," alisema, na hakuweza kuinua uso. Akainama kukagua kitako cha pipa, ambacho hakikuwa na tundu lolote, akaendelea kukikagua mpaka mama alipoondoka.