Mafiga Niliyoyaacha

Enzi za Ujamaa, tulipohamishiwa kijiji kipya huku Bunda, jioni nilikuwaga naenda darasa la watu wazima. Wengine walifuata kalamu. Mimi nilifuata watu, maana nyumba yangu ilikuwa kimya. Mwalimu, kijana wa Musoma, alipenda kutuonjesha Kiingereza. Siku hiyo akaandika ubaoni *relinquish*. Akasema ni kuachia kitu kilicho chako kwa hiari yako, bila kunyang'anywa.

"Haya, mzee, tupe mfano."

"Mimi *relinquish* mafiga."

Darasa likacheka. "Mzee, mawe ya kupikia yamejaa Bunda nzima! Si uokote mengine?"

Na mimi nikacheka. Ningewaelezaje? Kwetu mafiga ni ya mke. Mkihama anayabeba mwenyewe, mwanaume hayagusi. Mke wangu tulikuwa tumemzika kule boma la zamani, kando ya shamba la pamba. Siku ya kuhama niliyatazama yale mawe matatu, meusi kwa moshi wake, nikayaacha palepale.

"Mfano mzuri," mwalimu akasema, akafuta ubao.

Nikarudi nyumbani, nikala viazi vya baridi. Hadi leo napikia jiko la mkaa. Mafiga sijaweka.