Shavu la Mama Darajani

Saa moja asubuhi, mfagiaji wa daraja la waenda kwa miguu ananyoosha mgongo, anachovya kitambaa kwenye ndoo na kumfuta uso mwanamke wa shaba.

Sanamu hilo limesimama katikati ya daraja, mkono mmoja juu ya ukingo, macho kwenye ngazi, kama mtu aliyeahidiwa mgeni.

“Mama, bado hajaja tu?” anatania mchukuzi anayepita na gunia begani.

“Yuko njiani. Wewe peleka gunia la watu,” mfagiaji anamjibia.

Ana miaka thelathini na minane. Tisa kati ya hiyo amefagia hapa, ngazi sitini na nne kila upande, siku sita kwa wiki.

Shavu la kushoto la sanamu linang’aa, kwingine kote ni kahawia. Hilo ni kosa lake. Wiki ya kwanza kazini alidhani ile rangi ni uchafu uliogandamana, akaja na waya wa kusugulia sufuria. Msimamizi alimkuta ameshamaliza shavu.

“Wee! Hiyo sufuria ya ukoko?” alifoka.

Mfagiaji hakumsikia, macho yalikuwa kwenye shavu. Mama yake alikuwa na baka jeupe shavu hilohilo, alikomwagikiwa na uji wa moto. Mama huyo alifariki yeye akiwa na miaka minane, bila kuacha picha hata moja.

“Nilishaanza kumsahau,” anasema. “Nikimvuta akilini naona gauni, uso haupo. Siku ile nikamwona.”

Tangu hapo humwamkia kila asubuhi. Wenzake humcheka: “Leo kakuitikia?”

“Kanyamaza. Hata mama hakuwa msemaji.”

Jumatatu ijayo fundi anakuja kulirudishia sanamu rangi yake ya kahawia. Alipokuja kupima, mfagiaji alimwomba aliache shavu.

“Dada yangu, nimeagizwa lote. Nikiliacha watasema nimelipua kazi.”

Amejaribu kulipiga picha shavu hilo kwa simu. Linatoka mwanga mtupu, kama taa.

Jumapili ni siku yake ya kupumzika, lakini atapanda ngazi na binti yake wa miaka kumi, ambaye kila mara huuliza bibi alikuwaje.

“Nitamsimamisha hapa, jua likiwa shavuni. Amtazame mpaka achoke,” anasema, akikamua kitambaa. “Nikija kusahau tena, awepo wa kunikumbusha.”