Viriba Vyeusi Vilivyogoma Kuoza Akheri

Safari hii ilinigharimu siku tatu za biashara, nauli ya kwenda na kurudi, ukucha mmoja wa kidole gumba cha mguu, na heshima ambayo sijui bei yake. Nimehesabu mara mbili. Chai ya Moshono sijaiweka kwa sababu nilipewa bure.

Chanzo ni simu ya shangazi yangu Ndeanasia, anayelima kahawa na migomba Akheri. Mimi nauza vitu vya plastiki Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Mwaka juzi nilimpelekea viriba mia mbili na hamsini, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche ya kahawa, nikamwambia hivi ni vya kisasa, vinaoza vyenyewe ardhini. Panda mche na kiriba chake, usihangaike kuchana. Akaotesha, akapanda hivyo hivyo, na tisa vilivyozidi akanirudishia. Sasa miezi kumi na moja ilikuwa imepita tangu miche iingie shambani, na mingi ilikuwa imedumaa, majani ya njano.

"Elisante," alisema, "njoo uone kitu chako."

Hakuniuliza hali. Nikajua.

Jumamosi asubuhi, Sakina. Kufungua duka nilishindwa, kukaa nilishindwa. Nilivichukua vile viriba tisa, nikavigeuza, nikavinusa. Vyote vyeusi, vyote vinalia chakacha. Aliyeniuzia aliapa vinaoza. Nilibishana naye bei karibu saa nzima, akashuka mpaka nikamwonea huruma, kisha nikavihesabu mara mbili mbele yake. Idadi ilikuwa sahihi kabisa.

Saa tatu, Moshono. Nilipanda bodaboda hadi kwa Mwalimu Elifuraha, anayefundisha kemia sekondari na hununua ndoo kwangu. Nilimkuta uani akitengeneza sabuni ya mche. Nilimweleza. Hakunipa pole. Alikata kipande kutoka kila kiriba, akachemsha vyote kwenye maji yenye kostiki soda, akanikataza kusogea, akaleta chai.

Tulipomaliza kunywa, vipande vinne vilikuwa vimeyeyuka. Vitano vilitoka viking'aa kama vimetoka kuogeshwa.

"Umeuziwa aina mbili, zimechanganywa," alisema.

"Mwalimu, rangi ni moja."

"Rangi ni koti tu. Angalia mnyororo." Alinyoosha kidole kwenye pikipiki iliyonileta. "Mnyororo ule fundi anaufungulia wapi?"

"Kwenye klipu."

"Haya. Plastiki yote ni minyororo mirefu ya molekuli. Hivi vinne, kila baada ya pingili chache kuna oksijeni katikati ya mnyororo. Hiyo ndiyo klipu. Maji yanaingia hapo, yanakata, na vijidudu vya udongoni vinakula vipande vifupi. Kostiki imeharakisha tu. Hivi vitano ni polithini: kaboni imeshikana na kaboni mwanzo hadi mwisho, haidrojeni pembeni, na minyororo imelala sambamba, imebanana. Maji hayana pa kushika."

"Kwa hiyo vitaoza lini?"

"Ukivizika? Sikuahidi wewe wala wajukuu zako."

"Na hivi vyenye klipu?"

"Kule juu udongo ni wa baridi. Vitaoza, ila kwa mwendo wao."

Nilimuuliza kama naweza kupata punguzo la habari mbaya. Akanipa kitu bora zaidi: ile yenye oksijeni ni nzito, inazama majini, polithini inaelea. Kipande kipakwe sabuni kidogo, kisukumwe chini kwa kidole, kisije kikaelea kwa sababu ya wepesi wake tu. Nikaondoka nikikimbia.

Saa saba mchana, Akheri. "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Jembe lile pale." Nilichimba mche wa kwanza kwa haraka ya kijinga, na ukucha ukabaki shambani. Kiriba kilikuwa kizima, kinang'aa kama siku nilipokihesabu. Ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha kama kata ya kubebea ndoo.

Tulichukua beseni. Tulikata pembe ya kila kiriba iliyochomoza juu ya udongo, tukaipaka sabuni, tukaizamisha. Miche mia na themanini. Tisini na saba vilielea, themanini na vitatu vilizama. Nikarudia, nikapata vile vile. Tulifukua mche mmoja wa vile vilivyozama: kiriba kilichanika kama utando wa maziwa, na mizizi ilikuwa imekwisha kutokeza nje, inajitafutia. Shangazi akacheka kidogo, kisha akakumbuka.

"Sitini nilitoa sadaka."

Pale usharikani, mazao wanayoyatoa washarika hunadiwa uwanjani baada ya ibada. Miche yake sitini ilinadiwa, na yeye mwenyewe alisimama akawaambia wanunuzi wapande na kiriba chake, kinaoza.

"Twende nyumba kwa nyumba, kimya kimya," nilimwomba. "Nitafanya haraka."

"Mimi nilisema mbele ya watu. Watu hao wanasema Ndeanasia amewapa miche yenye laana. Na wewe utasema mbele ya watu."

"Angalau mwisho wa mnada."

"Mwanzo."

"Katikati, shangazi."

Tukakubaliana katikati.

Jumapili, saa tano, uwanja wa kanisa. Baada ya mkungu wa ndizi na jogoo mmoja mkorofi, mzee wa kanisa anayenadi aliniita. Nilieleza klipu, mnyororo na beseni. Nilisema kosa si la miche wala la shangazi. Kosa ni langu, nilibana bei mpaka muuzaji akachanganya mali, na nikahakiki idadi badala ya kitu chenyewe.

Mama Neema, aliyekuwa amenunua miche kumi na miwili, alisema kwa sauti ya kutosha: "Nilidhani namtolea Mungu. Kumbe namtolea nailoni."

Watu wakacheka. Mzee akanitazama mikono. "Tunacho kitu kingine hapa. Siku moja ya kuchimba ya kijana huyu. Tuanzie ngapi?"

"Elfu moja," akasema mtu nyuma. Nilipanda hadi elfu nne, nikanunuliwa na Mama Neema, na nakiri niliumia kwamba haikufika tano. Lakini shangazi alikuwa amesogea mbele, na wanawake wawili waliomkwepa mlangoni walimshika mkono.

Jumapili hiyo na Jumatatu nilizunguka na beseni na jembe, nikifukua kila mche ambao kiriba chake kilielea, wa shangazi na wa watu. Kati ya sitini, thelathini na vinne vilielea. Vya Mama Neema vyote kumi na viwili. Kiriba kimoja, ili hesabu ifike mia mbili na hamsini, nilikikuta kwa shangazi kimevishwa rimoti ya televisheni. Kizima, bila shaka.

Jumatatu jioni, kurudi Sakina, nilipitia kwa muuzaji. Hakukana. "Kaka," aliniambia, "kwa bei ile, wewe ulitaka nini?" Tangu hapo natembea na swali hilo dukani huku na huku.

Ninachokijua sasa ni kwamba kuoza hakutokani na maneno ya muuzaji. Kunaanzia kwenye mnyororo: kuna mahali pa kukatia au hakuna. Nisichokijua ndicho naomba msaada. Miche mia na thelathini na mmoja imetolewa kwenye polithini, iko barazani kwa watu, imefungwa magome mabichi ya mgomba, na mizizi bado imejiviringa. Mvua imekaribia. Tuikate mizizi hiyo na kuirudisha ardhini, au tuitupe tuanze na mbegu? Shangazi anataka jibu kabla ya Jumapili, na ni mimi nitakayelisema uwanjani. Nawauliza mnaolima. Wanaouza wasinijibu.