Mfuko wa Kijani Juu ya Leza

Fundi wa maabara moja katika mji wa Hsinchu ana vidole vyembamba vinavyonuka spiriti. Kila Jumatatu, kabla ya kuwasha leza, huweka juu yake mfuko mpya wa bisi za nazi, lazima wa kijani na usiopitwa na tarehe, ili mashine isigome. Huinamisha kichwa kidogo, kisha hurudi kukaza skrubu akiimba puani. Profesa Liao, aliyeandika kurasa mia nne za kutenganisha sayansi, falsafa na dini, humcheka kila mara. Jumatano moja njaa ilimzidi profesa, akaufungua mfuko akala zote. Saa nane mchana leza ikazimika, wageni wa wizara wakiwa mlangoni. Fundi akayatazama makombo kwenye tai ya profesa.

“Usiniangalie hivyo!” profesa akang’aka. “Hakuna uhusiano wowote!”

“Mbona sijasema kitu, Profesa?” fundi akajibu kwa sauti yake ya chini, akifungua kifuniko. “Fyuzi tu hii. Dakika tano.”

Profesa alilisikia vizuri neno fyuzi. Alilisikia akiwa tayari anakimbilia duka la ng’ambo ya barabara, ambako alisimama akisoma tarehe za mifuko ya kijani, moja baada ya nyingine, kwa umakini ambao kitabu chake hakikuwahi kuupata.