Mbao za Kasongo, Bastola ya Kinshasa

Siku yangu ya kwanza kazini, inspekta wa michezo wa mji wetu wa Kasongo alinikabidhi mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Nilikuwa mwanzishaji wa mbio, yaani yule anayewapanga wakimbiaji nyuma ya mstari, akawaamuru watulie, kisha akatoa mlio wa kuondoka. Kwingine mlio huo hutoka kwenye bastola isiyo na risasi. Kwetu tulikuwa tumetoka vitani.

"Piga mbao, Mama," alisema inspekta. "Ukipiga bastola hapa, soko yote itakimbia, na wamama wa mihogo watashinda watoto yetu."

Nikapiga mbao hizo Kasongo, Lusangi na Kabambare, nikibebwa kwa pikipiki pamoja na bendera na chokaa ya kuchorea mistari.

Nilikuwa nakaribia kustaafu wakati Kinshasa ilipopokea michezo ya mataifa. Niliitwa kuwa msaidizi wa starti, yaani wa kuwapanga wakimbiaji tu, bila kutoa mlio. Kutoka kwetu alichaguliwa Zaina, binti wa mchimba dhahabu wa Salamabila, kwa mbio za mita mia nne. Hakuwahi kuanza mbio ila kwa mbao zangu.

Siku ya mazoezi bastola ililia. Wenzake wakaondoka. Zaina alilala kifudifudi, mikono kichwani, kama tulivyolala sote enzi zile. Wageni walidhani amejikwaa. Mimi nilijua, na iliniuma.

Niliomba tutumie mbao. Jaji mkuu wa starti, mzee mpole, alikataa, kwa kuwa bastola imeunganishwa na saa. "Akilala tena kesho, Mama, mbio yake imekwisha." Lakini alituazima bastola ya akiba, naye akasimama karibu.

Nikamtia Zaina bastola mkononi.

"Haina risasi. Iko makelele tu. Fyatua weye mwenyewe."

"Mama, niko naogopa."

"Ogopa, lakini fyatua."

Akafyatua macho yamefumbwa. Akafyatua tena, macho wazi. Kisha akaniuliza, "Na weye, Mama, hauogope?"

"Miye niko mutu muzima," nilimjibu.

Kesho yake niliwapanga wakimbiaji, nikarudi nyuma ya mstari. Kumbe siku ya mashindano mlio wa bastola hupitishwa kwenye vipaza sauti, na kimoja kilikuwa nyuma ya visigino vyangu. Nilipozinduka, mdomo wangu ulikuwa chini kwenye mpira mwekundu uliotandikwa uwanjani, na Zaina alikuwa ameshaingia kona.

Alimaliza wa sita. Nilifurahi hadi nikasahau aibu.

Sasa niko kwenye pensheni, nalima karanga. Zaina anafundisha mbio wasichana wa Kabambare. Juzi alikuja kuniomba zile mbao, ingawa ameletewa bastola mpya. Nilimkumbusha kwamba yeye ameshaizoea.

"Miye ndiyo, Mama. Lakini uwanja iko karibu na mashamba. Wale wanaolima kule, nani atawatia bastola mukononi?"

Nikaingia ndani kuzichukua. Bawaba zake nilikuwa bado nazitia mafuta.